Data Haikuibwa, Lakini Huduma Ilinyimwa

Mwishoni mwa mwezi wa Julai 2023, Wakenya waliohitaji pasipoti, leseni ya udereva, cheti cha tabia njema au hati ya kusajili biashara walijikuta mbele ya kioo cha tarakilishi kisichowajibu. Mfumo wa eCitizen, ambao ndio lango la huduma za serikali katika mtandao, ulikuwa umezidiwa nguvu. Wageni walioomba viza kwa njia hiyo walikwama, hata serikali ikalazimika kutangaza kwamba wangepewa viza baada ya kutua nchini. Kuliripotiwa pia matatizo katika ununuzi wa tokeni za umeme, katika ukataji wa tiketi za gari moshi na katika malipo ya M-Pesa. Tarehe 27 Julai, Bw Eliud Owalo, aliyekuwa Waziri wa Habari, Mawasiliano na Uchumi wa Kidijitali wakati huo, alikiri kwamba mfumo huo ulikuwa umeshambuliwa. Papo hapo akawatuliza wananchi kwamba hakuna data iliyopotea.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo ninayotaka kuyachambua, kwa sababu yanajibu swali ambalo mwananchi wa kawaida hakuliuliza. Kijana aliyekuwa akitafuta cheti cha tabia njema ili ajisajili na Tume ya Huduma kwa Walimu hakuja kuuliza kama jina lake lingali salama ndani ya mfumo. Alitaka kujua cheti chake kingetoka lini. Mfanyabiashara aliyehitaji leseni hakulalamika kwamba siri zake zimefichuliwa. Alilalamika kwamba mlango umefungwa. Kumwambia mtu wa aina hiyo kwamba hakuna kilichoibwa ni sawa na kumwambia mgonjwa aliyekuta zahanati imefungwa kwamba dawa zote bado zimo kabatini.

Wanaosomea usalama wa tarakilishi hufundishwa mapema kwamba mfumo wowote hukaa juu ya mafiga matatu. La kwanza ni siri: asiyehusika asione. La pili ni usahihi: asiyehusika asibadilishe. La tatu ni upatikanaji: anayehusika apate huduma anapoihitaji. Hapa kwetu tumeyajali mafiga mawili ya kwanza, walau kwa maneno, na la tatu tumeliacha lilegee. Lakini chungu hakikai juu ya mafiga mawili.

Shambulio lililotupata huitwa shambulio la kunyima huduma. Mshambulizi wa namna hii havunji kufuli wala haingii ndani. Huishughulisha seva, yaani ile tarakilishi inayopokea maombi ya watu na kuyajibu, kiasi kwamba haina tena nafasi ya kumhudumia mwenye haja ya kweli. Kuna njia mbili za kufanya hivyo. Ya kwanza ni ya wingi mtupu: kuleta umati mlangoni. Ya pili ni ya hila: kutafuta ufa katika programu ya seva yenyewe, mahali ambapo ombi dogo huizalishia seva kazi kubwa. Waziri alieleza kwamba eCitizen ilirundikiwa maombi mengi kupita kawaida. Hata hivyo, njia hizi mbili aghalabu huandamana, na ile ya hila ndiyo ya kuhofiwa zaidi, kwa kuwa wakati mwingine haihitaji jeshi. Mtu mmoja mwenye tarakilishi kuukuu aweza kuitumia.

Ili tuelewane, na tuyafikirie madirisha ya kuhudumia watu katika Jumba la Nyayo, pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway. Makarani wameketi, foleni imeanzia nje. Anakuja mtu, anapewa fomu, naye anaanza kuijaza dirishani papo hapo. Anaandika herufi moja, kisha anatua. Baada ya muda anaandika nyingine. Hakumtukana mtu wala hakuvunja kanuni ya ofisi. Karani anamsubiri kwa adabu. Wakija watu wa namna hiyo wakashika kila dirisha, ofisi nzima itakuwa imefungwa ilhali milango i wazi. Hila hiyo ilitangazwa ulimwenguni mwaka 2009 kwa jina la Slowloris, na walioathirika zaidi ni waliotumia seva ya Apache, ambayo wakati huo ilikuwa imeenea kuliko nyingine zote duniani. Mwaka uliofuata, Apache ilitolewa ikiwa na kifaa cha kuweka kikomo cha muda wa kumsubiri mteja mzembe. Dawa ilikuwepo, ilibaki mgonjwa kuinywa.

Mfano wa pili unauma zaidi. Mnamo Januari 2007 mtafiti Michal Zalewski alieleza hadharani kwamba mteja aliweza kuiagiza Apache impe vipande vingi vya faili moja kwa mkupuo, hata vipande vinavyojirudia, na kwamba ombi la namna hiyo lingeweza kuilemea seva. Ni kama mtu anayeleta barua moja fupi ya kumtaka karani amtolee nakala elfu moja za ukurasa ule ule. Onyo hilo lilikaa zaidi ya miaka minne bila kufanyiwa kazi. Agosti 2011 ikazuka programu ndogo iliyoutumia ufa huo kuiangusha seva kwa nguvu za tarakilishi moja tu. Hapo ndipo watengenezaji wa Apache walipokimbizana kutoa toleo lililorekebishwa, nao wakalitoa kabla ya mwezi huo kwisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga, na katika taaluma hii ukuta hujengwa usiku, kwa pupa, watu wakiwa tayari wamekwama nje.

Mfano wa tatu ni wa juzi tu. Mwaka 2015 ulimwengu ulipokea itifaki mpya ya mawasiliano kati ya vivinjari na seva, iitwayo HTTP/2. Uzuri wake ni kwamba mteja mmoja aweza kuleta maombi mengi kwa wakati mmoja kupitia muunganisho mmoja, na aweza pia kulifuta ombi ambalo halihitaji tena. Ili asizidishe, seva humwekea kikomo, kwa kawaida kama maombi 100 kwa pamoja. Waovu wakagundua upenyu. Ombi likifutwa halihesabiwi tena, lakini kazi ya kulishughulikia huwa imekwisha kuanza. Basi wakawa wanaomba na kufuta, wanaomba na kufuta, kama mtu anayemtuma karani ghalani akalete faili na, kabla karani hajarudi, akaifuta ile haja na kuagiza nyingine. Kikomo hakifikiwi kamwe, na karani anazimia kwa kukimbia. Kuanzia Agosti 2023 ufa huo ulitumiwa kwa mashambulizi ambayo dunia haikuwa imeyaona. Kampuni ya Google ilihesabu maombi milioni 398 kwa sekunde moja. Cloudflare ilihesabu milioni 201, yakitoka kwa tarakilishi zilizotekwa zipatazo 20,000 tu. Tarehe 10 Oktoba 2023 habari hiyo ilitolewa hadharani, na wenye programu za Apache Tomcat, IIS ya Microsoft, lugha ya Go na nyinginezo wakatoa viraka vya kuuziba.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu ili tuache kuyachukulia mashambulizi ya mtandao kama gharika au tetemeko la ardhi. Ufa katika programu una tarehe ya kuzaliwa, una mtu aliyeugundua, una kiraka chake na una siku ambayo kiraka hicho kilitolewa. Kila siku inayopita baada ya hapo bila kiraka kuwekwa ni siku ya afisa fulani, katika ofisi fulani, ambaye alipaswa kufanya kazi na hakuifanya.

Turejee sasa kwa yaliyotupata sisi. Kundi lililojitangaza kuwa ndilo lililoishambulia Kenya lilijiita Anonymous Sudan, likidai kwamba nchi yetu ilikuwa ikiingilia mambo ya Sudan, ambayo tangu tarehe 15 Aprili mwaka huo ilikuwa vitani. Kundi hilo halikuwa geni. Mwanzoni mwa Juni 2023 lilijigamba kwamba limezitatiza huduma za Microsoft, zikiwemo barua pepe za Outlook. Tarehe 16 Juni kampuni hiyo ilichapisha maelezo ya jinsi ilivyoshambuliwa, ikiwaita washambulizi hao Storm-1359, na miongoni mwa mbinu ilizozitaja ni ile ile Slowloris ya mwaka 2009. Hesabu mwenyewe, msomaji. Kutoka siku hiyo hadi Waziri wetu alipokiri kwamba tumeshambuliwa ni siku 41. Kundi lilikwisha kujitangaza, mbinu zilikwisha kuchapishwa, na mojawapo ilikuwa na umri wa miaka kumi na minne.

Kuna watakaonijibu kwamba ikiwa hata Microsoft ilitatizwa, Kenya ni nani? Hoja hiyo ina uzito, nami siikatai. Hakuna mfumo usioshambulika. Lakini tazama tofauti. Kampuni ya kibiashara, yenye kila sababu ya kuficha aibu yake, iliandika kilichotokea, namna kilivyotokea na namna wengine wanavyoweza kujikinga. Serikali, ambayo mwajiri wake ni wananchi, ilitupa kauli ya kututuliza. Oktoba 2024 waendesha mashtaka wa Marekani waliwashtaki ndugu wawili raia wa Sudan kwa kuliongoza kundi hilo, wakidai kwamba lilifanya mashambulizi zaidi ya 35,000. Mashtaka ni mashtaka, na hukumu ni ya mahakama. Hata hivyo ni jambo la kutafakari kwamba maelezo marefu kuhusu waliotufungia milango tuliyasoma katika karatasi za mahakama ya ng'ambo.

Uzito wa jambo hili watokana na ukubwa wa lango lenyewe. Mwishoni mwa Juni 2023, wiki chache tu kabla ya shambulio, Rais William Ruto alizindua jijini Nairobi mpango wa kuweka huduma zaidi ya 5,000 za serikali katika eCitizen. Malipo nayo yakaelekezwa katika nambari moja, 222222. Januari 2024 Wizara ya Elimu iliagiza hata karo za shule za kitaifa zilipwe kupitia mfumo huo. Mahakama Kuu ikalisimamisha agizo hilo mwezi uliofuata, na mwaka 2025 ikaamua kwamba lilikiuka Katiba. Mahakama ilikuwa na sababu zake za kisheria. Mimi naongeza moja ya kawaida kabisa: mwalimu mkuu anayesubiri karo ili anunue unga na maharagwe ya wanafunzi hapaswi kuwa mateka wa seva asiyoijua iliko.

Sikusudii kubeza manufaa ya mfumo huu. Wanaokumbuka foleni za Jumba la Nyayo, na madalali waliozunguka pale wakiuza fomu ambazo ni bure, hawatamani kurudi huko. Mtandao umempunguzia mwananchi safari, umewapokonya wala rushwa baadhi ya nafasi zao, na umeiwezesha serikali kuona pesa zake zinakoingia. Maadamu ni hivyo, hoja yangu si kwamba tuuache. Hoja yangu ni kwamba tulipofungua mlango mpya tulianza kuupigilia misumari ule wa zamani kabla ya kuhakikisha kwamba mpya unahimili kishindo.

Na kishindo hicho hakiwaangukii watu wote sawasawa. Ukitoka katikati ya jiji ukapanda matatu ya kuelekea magharibi, utapita bewa la Chiromo la Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako vijana hufundishwa taaluma ya tarakilishi. Utapita Westlands, ambako kando ya Waiyaki Way yamesimama makao ya Safaricom, iliyotuletea M-Pesa mwaka 2007, na makao ya Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo ndiyo inayosimamia KE-CIRT/CC, kituo cha taifa cha kukabiliana na mashambulizi ya mtandao. Endelea mbele kidogo na utafika Kangemi. Kusini yake ni Kawangware. Katika mitaa hii wengi huzifikia huduma za serikali katika kibanda cha saiba, ambamo kijana humjazia mzee fomu kwa malipo kidogo. Mzee huyo amekosa kazi ya siku moja, amelipa nauli, na mfumo ukizimika ataambiwa arudi kesho. Anayelaumiwa ni kijana wa saiba, ambaye hana kosa. Aliyepaswa kujibu hayupo, wala hatafutwi. Mwenye uwezo ataahirisha shughuli yake kwa simu. Asiye na uwezo ndiye anayelipia shambulio hilo kutoka mfukoni mwake, na fidia hapewi.

Sheria zetu zasemaje? Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya huduma zenye ubora unaofaa, na kinatamka wazi kwamba haki hiyo inahusu pia huduma zitolewazo na taasisi za umma. Kifungu cha 47 kinataka hatua za kiutawala ziwe za haraka na zenye ufanisi. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inaagiza mashambulizi yaripotiwe katika muda wa saa 24, lakini ripoti hiyo huenda kwa kamati ya serikali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaagiza Kamishna wa Data aarifiwe katika saa 72 pale data za watu zinapofikiwa na asiyeruhusiwa. Sasa tazama pengo lilipo. Shambulio la kunyima huduma halifikii data ya mtu yeyote. Kwa hiyo mwananchi aliyefungiwa nje haguswi na kinga hiyo ya pili. Ndiyo maana ilikuwa rahisi kusema kwamba hakuna kilichopotea. Kwa mizani ya data peke yake, ni kweli. Kwa mizani ya Katiba, tulipoteza siku kadhaa za haki zetu.

Kwa hivyo napendekeza mambo manne. Kwanza, kila huduma ya lazima ibakie na dirisha la karatasi, hata likiwa dogo. Vituo vya Huduma vilivyoanza kufunguliwa mwaka 2013, kikiwemo kile cha GPO, vina makarani na vina nafasi. Vipewe fomu, mihuri na mamlaka ya kuhudumu mtandao unapozimika, badala ya kuwa mahali pa kumwonyesha mwananchi kioo kile kile kilichokwama. Pili, siku ambazo mfumo wa umma haukupatikana zisihesabiwe dhidi ya mwombaji. Mwanafunzi anayeomba mkopo wa HELB au nafasi ya chuo kupitia KUCCPS, mfumo ukizimika kabla ya siku ya mwisho, aongezewe siku hizo bila kulazimika kumsujudia mtu. Tatu, baada ya kila mzimiko mkubwa itolewe ripoti ya wazi, kwa Kiswahili na Kiingereza, ieleze kilichotokea, muda kilichochukua na kilichorekebishwa. Nne, kila taasisi iwe na orodha ya programu za seva inazotumia na afisa anayewajibika kuweka viraka, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aikague orodha hiyo kama anavyokagua vocha za malipo. Kiraka kilichocheleweshwa ni hasara ya umma sawa na shilingi iliyopotea.

Kwa walimu na wanafunzi nina neno la ziada. Mara nyingi somo la kompyuta shuleni huishia katika kutaja sehemu za mashine na kuchapa barua. Hilo halitoshi. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kabisa kuelewa foleni, kikomo na muda wa kusubiri. Mfano wa karani nilioutoa hauhitaji hata umeme ili kufundishwa. Wanafunzi kumi, meza moja, fomu chache na saa ya ukutani vinatosha kuwaonyesha namna ofisi inavyoweza kufungwa na mtu asiyevunja chochote. Kisha waulizwe: kanuni gani ingemwokoa karani? Darasa litakalojibu swali hilo litakuwa limeingia katika uhandisi bila kujua.

Wakati huo huo tuwaonye vijana wetu kwamba kuijaribu seva ya mtu mwingine bila idhini ni kosa. Sheria ya 2018 inaweka faini isiyozidi shilingi milioni kumi, au kifungo kisichozidi miaka mitano, au vyote viwili, kwa anayevuruga mfumo kwa makusudi. Wajaribu tarakilishi zao wenyewe, katika maabara zao wenyewe. Lakini onyo hilo likienda peke yake litazaa woga tu. Serikali nayo ianzishe njia rasmi, yenye anwani inayojulikana, ambayo mwanafunzi wa Chiromo au kijana wa saiba wa Kangemi aliyegundua ufa anaweza kuutaja na kushukuriwa, asije akageuzwa mshukiwa. Onyo la 2007 lililopuuzwa hadi 2011 litufunze kwamba mara nyingi anayeuona ufa kwanza si mwenye nyumba.

Taifa lililoamua kuhamishia ofisi zake katika mtandao limechukua jukumu la kuziweka wazi ofisi hizo, kama vile karani anavyotakiwa kuwa dirishani saa mbili asubuhi. Siku mfumo utakapozimika tena, na siku hiyo itafika, waziri atakayekuwepo asituambie kwanza kwamba data ziko salama. Atuambie ni watu wangapi waliokosa huduma, ni dirisha lipi lililo wazi kwa ajili yao saa hiyo hiyo, na ni ufa gani ulioachwa bila kuzibwa, na nani.